"Anahitajika msichana wa kuuza duka": tangazo la kazi linavyoamua nani atamiliki duka Mtwara

Mtoa mada

Wakuu, salaam.

Msimu wa korosho unakaribia, na maduka ya Mtwara mjini, Masasi na Newala yameanza kutafuta watu. Pitia makundi ya WhatsApp ya ajira na biashara ya huku kusini, utakuta tangazo lile lile linazunguka: anahitajika msichana wa kuuza duka, umri miaka 18 hadi 25, awe na muonekano mzuri, asiwe na mtoto, atume picha ya mwili mzima. Chini kidogo, pengine kutoka duka hilo hilo: anahitajika kijana wa kiume wa stoo, mwenye nguvu, akijua kuendesha pikipiki ni vizuri zaidi.

Tangazo la kwanza haliulizi popote kama huyo msichana anajua hesabu. Wala kama anaweza kutofautisha bati la geji 28 na la geji 30, wakati atakaa siku nzima akiwauzia watu mabati. Linataka picha.

Mimi ni mwanamke, niko kwenye vifaa vya ujenzi hapa mjini. Nilianza kwa kukaa kaunta za watu, sasa nina duka langu, dogo lakini langu. Wengi wanalichukulia jambo hili kama la adabu tu, kwamba tangazo halijakaa vizuri, basi. Mimi naliona ni jambo la hela. Tangazo hilo linaamua nani atajifunza biashara na nani hatajifunza, na hatimaye nani atakuwa na duka lake.

Angalieni kinachotokea baada ya wawili hao kuajiriwa.

Kijana wa stoo anashika mzigo. Kila gari likishusha, yeye ndiye anahesabu, anapanga, anaona kilichovunjika na kilichopungua. Anajua saruji ya 32.5 iko upande gani na ya 42.5 upande gani, na fundi akimuuliza ipi inafaa plasta na ipi inafaa nguzo, anajifunza kujibu. Anasikia mafundi wanabishana kuhusu nondo za milimita 12 na 16. Anapeleka mzigo saiti, anaona nyumba inavyopanda, anajuana na mafundi kwa majina. Baada ya muda bosi anamwambia, "Jiandae, tunapanda basi kwenda Dar."

Kariakoo ndiko shule ya duka ilipo. Pale kijana anaoneshwa nani anauza jumla na nani ni dalali, nani anakubali kukupa mzigo ukalipa baadaye, mzigo unafungwaje usivunjike njiani mpaka Mtwara, gari gani linachukua mzigo wa Lindi na Mtwara na linatoza kwa vipimo gani. Anarudi na namba za simu kwenye simu yake. Safari nyingine bosi akiumwa, anatumwa peke yake. Namba hizo ndizo mtaji. Kuna wanaume wenye maduka ya hadwea, yaani vifaa vya ujenzi, mji huu walioanza hivyo hivyo, wakibeba mifuko ya saruji ya bosi, na nawaheshimu kwa jasho lao.

Msichana wa kaunta wakati huo yuko wapi? Yuko pale pale. Anafuta vumbi, anapokea hela, anaandika daftari, jioni anakabidhi mauzo. Bei anaambiwa, hajui imetokana na nini. Hajawahi kuona risiti ya Kariakoo. Bosi akimpeleka Dar, mtaa mzima utaanza maneno, kwa hiyo hapelekwi. Miaka inakwenda, anajua kuuza vizuri kuliko mtu yeyote dukani, lakini hajui kununua, na asiyejua kununua hawezi kufungua duka. Siku akipata ujauzito, tangazo linarudi kwenye kundi: anahitajika msichana wa kuuza duka, umri 18 hadi 25.

Wateja nao wamefundishwa hivyo hivyo. Nilipokuwa nimeajiriwa, mtu anaingia, ananipita mimi niliyesimama kaunta, anamuuliza kijana aliyeingia kazini wiki ile bei ya ringi za kufungia nondo na uzito wa nondo. Kijana anageuka ananiuliza mimi. Mimi namjibu kijana, kijana anamjibu mteja. Tulikuwa tunauza hivyo, maneno yanazunguka. Leo duka ni langu na bado wapo wanaoingia wakauliza, "Mwenye duka yupo?"

Na wamefundishwa na nani? Na picha. Zitazameni picha za biashara zilizobandikwa kutoka stendi mpaka sokoni. Sabuni ya kufulia: mama anacheka na beseni. Mafuta ya kupikia: mama na sufuria, baba mezani anasubiri. Rangi, saruji, bati: mwanaume mwenye misuli na kofia ngumu. Mafuta ya ngozi: msichana mweupe kuliko wasichana wote wa Shangani na Chikongola, mitaa ya mjini hapa. Duka jipya likifunguliwa, gari la matangazo linapita na muziki, nyuma wamesimama wasichana wanacheza wamevalishwa fulana za duka, na anayeshika kipaza sauti kueleza bidhaa ni mwanaume. Wale wasichana hawaambiwi hata friji ina ujazo gani. Kazi yao ni kuonekana.

Msimu ukianza, yaani kuanzia mwezi wa 10 hela za mnada wa korosho zikishaingia, matangazo yanabadilika lakini mgawanyo unabaki. Pikipiki, bati na sabufa anaambiwa baba. Kitenge na seti ya vyombo anaambiwa mama, tena kama zawadi kutoka kwa baba. Wakati kati ya wanachama wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, wenye mikorosho yao wenyewe, wanaopokea malipo kwa majina yao wenyewe, wapo wanawake. Mjane wa Tandahimba anayeezeka nyumba yake hayumo kwenye picha yoyote, na hela yake ni nzuri kama ya mwingine.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, umri na mingine. Na kifungu hicho hakimlindi aliyekwisha kuajiriwa peke yake: mwombaji kazi naye anahesabiwa, na taratibu za kuajiri zinazoguswa ni pamoja na tangazo la kazi na vigezo vya kuchagua. Kwa hiyo "asiwe na mtoto" unayoiandika kwenye kundi la watu 250, unaweka ushahidi dhidi yako mwenyewe kwa maandishi.

Nakaribisha michango. Matusi hapana.

---

Mdau wa Masasi

Dada, nakuheshimu, lakini biashara ni biashara. Mtu kaweka hela yake, kakopa benki, anajua mafundi wakimkuta binti mchangamfu kaunta wanarudi. Wewe unataka aweke nani? Halafu tuseme ukweli: wasichana wenyewe hawataki hadwea. Nimewahi kutangaza bila kutaja jinsia, wakaja vijana wa kiume watupu. Wasichana wanataka vipodozi, nguo na uwakala wa fedha.

---

Mtoa mada

Mkuu wa Masasi, hoja yako ya pili ni nzito, na imewahi kufika mahakamani mbali sana na hapa, kwa hiyo nitaijibu kwa kirefu.

Marekani kulikuwa na kampuni kubwa ya maduka, Sears, makao yake Chicago. Ilikuwa na wauzaji wa aina mbili. Wa kwanza walilipwa kwa saa, wakiuza nguo, vipodozi na vitu vidogo, na wengi wao walikuwa wanawake. Wa pili walilipwa kwa kamisheni, wakiuza matairi, uzio, mashine za kufulia na mitambo ya kupasha nyumba joto, na wengi wao walikuwa wanaume. Wa kamisheni walipata zaidi, kwa mbali. Tume ya serikali inayosimamia usawa wa ajira ikaishitaki Sears. Utetezi wa Sears ulikuwa huo wako: wanawake wenyewe hawazipendi kazi za kamisheni, wanaogopa ushindani na hawapendi bidhaa hizo. Wanahistoria wawili, wote wanawake, walisimama kutoa ushahidi, mmoja upande wa kampuni na mwingine upande wa tume. Mwaka 1986 hakimu akakubaliana na Sears, na mwaka 1988 mahakama ya rufaa ikauacha uamuzi huo usimame.

Kwa hiyo naweza kukwambia kwamba hoja yako ilishinda kesi. Mimi bado naona hakimu alikosea. Mtu anachagua kutokana na milango aliyowahi kuiona iko wazi. Binti wa Masasi hajawahi kumuona mwanamke akikata bei ya nondo. Hakuna picha iliyomuonesha hivyo, na hakuna aliyemwambia kwamba kwenye hadwea kuna safari ya Dar na asilimia ya mauzo. Tangazo lako halikutaja jinsia, vizuri sana. Lakini je, lilisema atafundishwa? Lilisema mshahara na kamisheni? Lilifika wapi, kwenye kijiwe cha bodaboda au hata kwenye vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, na chuo cha ufundi cha VETA? Ukiandika "hadwea inahitaji mtu" ukaliacha hapo, kila mtu anaijaza mwenyewe hiyo sura ya mtu, na anaijaza kwa picha zile zile za ukutani.

Kuhusu binti mchangamfu: mafundi wanaorudi kwangu wanarudi kwa sababu vipimo vyangu havidanganyi na nikikosa kitu nawaelekeza kwa jirani. Muulize fundi yeyote akiwa na haraka saiti, kama anatafuta tabasamu au anatafuta misumari ya inchi nne.

---

Kijana wa Newala

Naomba niseme upande wetu. Mimi nimemaliza kidato cha nne, hesabu nilipata vizuri. Nimezunguka kwa mawakala wa fedha na maduka ya vipodozi mara nyingi. Jibu ni moja: hapa tunachukua wadada tu, vijana wa kiume mnakimbia na float, yaani hela ya mzunguko ya wakala. Bosi mmoja alinitazama akasema "wewe nenda kwenye maghala ukabebe magunia, una mwili". Sijawahi kuiba hata shilingi. Hiyo nayo iandikwe.

---

Mtoa mada

Mdogo wangu, imeandikwa, na asante kwa kuisema. Ni ubaguzi ule ule na kifungu ni kile kile cha 7. Anayesema wanawake hawaibi hawasifii wanawake: anatafuta mtu anayedhani ataogopa, atakayekubali mshahara mdogo na asiyeuliza. Na anayekuona wewe ni magunia tu kakunyima kaunta kama mimi nilivyonyimwa stoo.

Uingereza wameliona hili. Tangu tarehe 14 Juni 2019 chombo chao cha kusimamia matangazo, ASA, kinakataza matangazo yenye dhana za kijinsia zinazoweza kuleta madhara. Agosti mwaka huo wakazuia mawili ya kwanza. Moja la gari la Volkswagen: wanaume wako angani na wengine wanaruka michezoni, mwanamke amekaa kando ya kigari cha mtoto. La pili lilikuwa la jibini la Philadelphia, na lilidhalilisha wanaume: baba wawili wamezama kwenye chakula, watoto wao wachanga wanazunguka kwenye mkanda unaopitisha sahani mgahawani. Ujumbe ukiwa kwamba baba akiachiwa mtoto, hawezi. Lilizuiwa sawa sawa na lile jingine.

Baba wa Newala anayembeba mwanawe kliniki anastahili kuonekana kwenye tangazo la sabuni ya mtoto.

---

Mama mwenye mikorosho, Tandahimba

Wanangu, mimi niongeze la pembejeo. Shamba ni langu, nilirithi kwa mama yangu. Naenda duka la dawa kununua salfa na dawa ya maji, kijana ananiuliza mama, baba amesemaje, anataka ipi? Nikamwambia baba yupi? Nikamuuliza dawa hii ni ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, au ya mbu wa mikorosho, yule mdudu, hakujua. Nikaenda duka jingine nikamkuta binti, akanisomea kibandiko chote, akaniambia nisipulizie kwenye upepo na nifunge pua. Huyo ndiye nimemshika mpaka leo. Yule wa kwanza alipoteza mteja wa msimu mzima.

---

Mtoa mada

Shikamoo mama. Umeniletea kitu nilichokuwa nimekiacha: mirathi. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili ukoo wetu unafuatwa upande wa mama. Shamba na jina vilipitia huko, na mjomba alikuwa na sauti kuliko baba. Ndiyo maana nashangaa mtu akinitetea tangazo la baba mnunuzi na mama mpokeaji kwa kusema ndiyo mila zetu. Mila za wapi? Za huku kwetu hazikuanza hivyo.

---

Mzee wa Mikindani

Binti yangu, nimesoma yote. Sina ubishi na haki ya mtu kulipwa. Ila sisi watu wa pwani tuna stara. Kuna vitu vinauzwa na mwanamke kwa mwanamke, nguo za ndani kwa mfano. Na kumsafirisha binti wa watu Dar na bosi mwanaume, mimi kama mzazi siruhusu. Utasema mimi nabagua?

---

Mtoa mada

Shikamoo mzee wangu. Hapana, sitasema hivyo. Sheria yenyewe inaacha nafasi pale ambapo sifa fulani ni hitaji la lazima la kazi yenyewe. Duka linalompima mwanamke sidiria chumba cha ndani kutaka muuzaji wa kike, nalielewa kabisa. Ila mzee, pita sokoni kwenye mitumba uone sidiria zinauzwa na nani. Vijana wa kiume, wanaziita kwa sauti, na mama zetu wanachagua palepale. Kwa hiyo stara tunaikumbuka zaidi binti anapoomba kazi yenye hela.

La safari unayo haki kama mzazi, na mimi nina binti. Lakini dawa yake ipo. Bosi anaweza kumtuma na mke wake, au na muuzaji mwingine wa kike, au akampa namba za wauzaji wa jumla aagize kwa simu, maana siku hizi mzigo mwingi unaagizwa kwa picha na kulipiwa kwa simu. Elimu ya kununua inaweza kumfikia akiwa Mtwara hapa hapa. Anayeficha risiti za Kariakoo hafichi kwa ajili ya stara.

Na wewe ni mtu wa dini kuliko mimi, unajua Bi Khadija alikuwa nani. Alikuwa mfanyabiashara mwenye misafara, na Mtume, rehema na amani zimshukie, aliupeleka mzigo wake Sham, nchi za Syria na jirani zake, kabla hawajaoana. Mwenye mali alikuwa mwanamke.

---

Mwanafunzi wa sheria

Naongeza kuhusu mishahara, maana uzi umegusa kaunta na stoo. Uingereza, Agosti 2024, baraza la ajira liliwapa ushindi wafanyakazi zaidi ya 3,500, wa sasa na wa zamani, wa maduka ya Next. Wauzaji wa dukani, wengi wanawake, walilipwa chini ya watu wa maghala. Kampuni ikajitetea kwamba hiyo ndiyo bei ya soko. Baraza likakataa: kupunguza gharama peke yake hakutoshi kuhalalisha tofauti hiyo. Kwa hapa kwetu, mwenye shauri aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Akiachishwa kazi ana siku 30 za kufungua shauri. Kwa migogoro mingine siku 60. Wengi wanapoteza haki kwa kuchelewa tu. Na ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Sheria inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo.

---

Mtoa mada

Asante sana mkuu. Hizo siku 30 kila binti wa kaunta azijue. Hapa kwetu tofauti ya mshahara inajificha kwenye posho: kijana wa stoo ana hela ya kushusha na hela ya saiti, wa kaunta hana kitu, na bosi anasema wote mshahara ni mmoja. Ukimwambia, anajibu kwamba yule anabeba mfuko wa kilo 50. Wakati gari likija, wanaoshusha ni vibarua wanaolipwa kwa mfuko, na kijana amesimama na daftari.

---

Mwenye duka, Lindi mjini

Dada, nimekuelewa na sitaki kesi. Mimi nina duka la vifaa vya umeme na ujenzi, nataka mtu mmoja. Nimeandika hivi, nirekebishie: "Anahitajika muuzaji, jinsia yoyote, umri 18 hadi 30, mchapakazi, mwenye muonekano nadhifu, aishi Lindi mjini."

---

Mtoa mada

Kaka, umefika mbali tayari. Ondoa umri wa mwisho. Sema tu awe ametimiza miaka 18. Toa na muonekano, usafi utauona akija. Weka kazi yenyewe, hivi:

"Anahitajika muuzaji wa duka la vifaa vya umeme na ujenzi, Lindi mjini. Mwanamke au mwanaume. Awe ametimiza miaka 18, ajue kujumlisha na kupiga asilimia bila kukosea, aweze kuandika daftari la stoo. Asiyejua bidhaa atafundishwa. Atakaa kaunta na stoo kwa zamu na atashiriki kuagiza mzigo. Mkataba wa maandishi. Mshahara ni huu, na kamisheni ni asilimia hii ya mauzo. Mzigo mzito unashushwa na vibarua. Waombaji waje dukani Jumamosi asubuhi kufanya hesabu fupi."

Jaza mshahara na asilimia yako mwenyewe. Usiliweke WhatsApp tu; libandike na VETA, na uwaambie akina mama wa vikoba. Picha usiombe. Wakija, wape wote bei tano za bidhaa na punguzo la asilimia saba wakutolee jumla, bila simu.

---

Mwenye duka, Lindi mjini

Asilimia saba bila simu? Hata mimi hapo nitatafuta karatasi. Sawa dada, nabandika leo. Kamisheni ndiyo naenda kuipigia hesabu usiku huu.